Pikapu Aliyoipima Bibi

Katika karakana ile, hakuna kiti kilichotoka bila kukaliwa. Mteja angeweza kuja na haraka zake, akasema macho yake yameridhika, akataka kubeba na kwenda. Hakubebeshwa. Alisogezewa kiti, akaambiwa akae, aegemee, kisha atulie hapo kama mtu aliyefika kwake.

Sheria hiyo aliianzisha marehemu babu, fundi wa kwanza wa karakana. Mlinzi wake alikuwa mkewe, Bibi. Kabla mteja hajaitwa, Bibi alikuwa ameshakaa. Alifumba macho, akanyoosha mgongo, akasikiliza mifupa yake inasemaje. Akikunja uso, kiti kilirudi mezani. Mwanawe, ambaye ndiye seremala wa sasa, alinuna mara nyingi lakini hakubisha.

"Macho hayana makalio," Bibi alizoea kumwambia. "Kiti muulize anayekikalia."

Mke wa seremala aliipenda kauli hiyo. Watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuvisha viti. Alikata sponji, akashona vitambaa, akapiga pini. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha, na Bibi alikuwa na kigoda chake hapohapo, mkono wa kulia. Mchana kutwa walikuwa na lao. Ungewasikia wakicheka usingedhani ni mtu na mama mkwe wake.

Sasa kigoda cha Bibi kilikuwa kitupu.

Miezi miwili iliyopita Bibi aliteleza kwenye maranda ya mbao, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akarudi nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea. Hospitali ilimpangia mazoezi mara mbili kwa wiki. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Barabara ya hospitali ilikuwa nusu lami, nusu mashimo. Pikapu yao ilikuwa ya zamani, ya milango miwili, na ilikuwa imechoka kuliko Bibi mwenyewe. Ikiwa tupu, ilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Safari ya kwanza Bibi alivumilia. Ya pili aliuma meno. Ya tatu machozi yalimtoka, yeye ambaye siku ya kuvunjika hakulia. Wakajaribu teksi. Kiti cha teksi kilikuwa chini mno, magoti yakapanda juu ya nyonga, na kumtoa humo ilikuwa kazi ya watu watatu.

Bibi akakata shauri. Alisema mguu ni wake na maumivu ni yake, na hapandi tena gari la mtu yeyote.

Mama Pacha alikwenda peke yake kuonana na mtaalamu wa mazoezi. Yule dada hakumficha. Alimwambia huu ndio wakati wenyewe. Mguu ukiachwa mwezi huu na ujao, utakakamaa, na fremu ile haitaachwa tena. Mama Pacha alirudi njia nzima akikitazama moyoni kile kigoda kitupu.

Kwa bahati, pikapu ya zamani ilikuwa inakaribia kufa. Akiba ya kununua nyingine ilikuwa tayari. Wakakubaliana watafute ya milango minne, ibebe vitanda na makabati, na imbebe Bibi.

"Hilo niachie mimi," alisema seremala.

Alichukua futi yake ya kupimia, akaenda kwenye uwanja wa magari. Huko aliiona pikapu nyekundu, ndefu, yenye matairi mapana na pua iliyoinuka. Alipima nyuma yake, akakuta kitanda kizima kinalala bila kufunguliwa. Aligonga milango kwa kidole kama anavyogonga mbao, akasikiliza. Aliketi kwenye usukani, akazunguka mara moja kwenye lami laini, akarudi akitabasamu. Akaibandika jina palepale: Mfalme. Akamwomba muuzaji asimpe mtu mwingine mpaka Jumamosi.

Alhamisi alimpeleka mkewe kuiona. Mama Pacha alikaa kiti cha mbele, akajizamisha, akasema ulaini huu unabembeleza. Muuzaji, mtu wa maneno mengi, akamwambia amekaa kwenye sebule inayotembea. Wote wakacheka. Njiani kurudi, kitu kilimkwaruza Mama Pacha moyoni, lakini hakujua ni nini.

Aliyejua alikuwa jirani.

Jirani huyu alikuwa mama mwembamba aliyefundisha watu kuendesha magari kwa miaka ishirini na mitano. Neno alilowapigia wanafunzi wake kelele ndilo lililogeuka jina lake, naye akaitwa Mama Klachi. Jioni ile alikuja kuchukua mto wa kiti chake. Alimkuta seremala akimsifu Mfalme, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Mlikaa wapi?"

Seremala akasema yeye alikaa kwenye usukani, mkewe mbele.

"Na Bibi atakaa wapi?"

"Atakaa anapopenda."

"Amependa wapi?"

Mama Pacha aliweka mkasi mezani. Sasa alikijua kile kilichomkwaruza. Wao, ambao hawakuwahi kumwuzia mtu kiti bila kukikalia, walikuwa karibu kununua viti vitano vyenye injini, na wakavipima kwa macho.

Tena yeye alikuwa na kosa la ziada. Kila siku aliwaeleza wateja kwamba sponji laini ni mwongo wa dakika tano. Linakupokea vizuri, kisha linazama, na baada ya nusu saa mgongo unalalamika. Alhamisi alikaa dakika tano tu, naye akamwamini mwongo yule.

Mama Klachi hakuwacheka, ila kidogo. Aliwaambia kosa lao ni la wengi. Watu hununua gari la yule anayeshika usukani, wakawasahau wengine wanne. Akauliza nani ataendesha siku za hospitali. Seremala huwa kazini, kwa hiyo ni Mama Pacha. Akauliza ni mara ngapi kwa mwezi wanabeba mzigo wa kujaza Mfalme. Seremala akahesabu kwa vidole, akaishia kidole kimoja. Mwisho akauliza lango la karakana lina upana gani.

Seremala akalitazama lango. Alikuwa na futi mfukoni miaka yote, na alikuwa amepima kila kitu isipokuwa hilo. Akaenda kupima. Aliporudi alikuwa anajikuna kisogo.

"Mfalme atapita," alisema. "Akikunja masikio."

Alimaanisha vioo vya pembeni. Hata Bibi, aliyekuwa amelala chumba cha pili, alisikika akicheka.

Mama Klachi akawapa njia yake. Jumamosi waende wote. Waombe saa nzima, wala si kuzunguka mara moja. Wachukue mzigo wanaoubeba kweli. Wapite barabara wanayoipita kweli. Na kila mtu akae pale atakapokaa kweli. Kwenye uwanja ule kulikuwa pia na pikapu za wastani, alisema, si ndogo wala si majitu. Waiombe mojawapo, waipime sawasawa na ile nyekundu, bila upendeleo.

Lilibaki jambo moja. Bibi alikuwa ameapa hapandi gari.

Mume na mke walitazamana. Seremala alisema mama yake akisema hapana, hata msumari haupiti. Mama Pacha alinawa mikono, akaingia chumbani. Alimkuta Bibi ameugeuzia uso ukuta.

"Mama," alisema, "sikukujia kwa ajili ya hospitali."

Bibi hakugeuka.

"Nimekuja kukuita kazini. Mwanao anataka kununua viti vitano vya watu wengine. Amevigonga kwa kidole, basi. Karakana hii haina mpimaji mwingine."

Kisha Bibi akageuza kichwa taratibu.

"Amevigonga kwa kidole?"

"Kama mbao."

"Huyo mtoto," Bibi alisema, "nilimzaa mimi, lakini akili alichukua ya baba yake." Akaitafuta fremu kwa mkono. "Jumamosi nitolewe viatu vyangu vya kazi."

Jumamosi wakaenda mapema. Njia ya uwanja ilikuwa lami tupu, kwa hiyo Bibi alikubali pikapu ya zamani siku hiyo moja, na wengine wakaja kwa teksi. Mama Klachi aliwahimiza wafike kabla injini hazijawashwa, kwa sababu injini ya baridi haifichi maradhi yake. Alimwonya muuzaji kwa simu asiwashe chochote. Walipofika aligusa boneti zote mbili, zikawa baridi. Akaridhika. Pembeni mwa Mfalme kulikuwa na pikapu ya wastani, rangi ya kijivu, yenye mkwaruzo mrefu mlangoni. Seremala aliitazama kama mtu anayeonyeshwa shemeji asiyemtaka.

Wakaanza na Mfalme. Bibi aliletwa mpaka mlango wa mbele. Aliangalia juu. Sakafu ya gari ilikuwa karibu na kiuno chake, na upande ule hapakuwa na mshikio wa kujivutia. Muuzaji akajitolea kumbeba.

"Mimi si gunia, baba," Bibi alimwambia kwa upole. Kisha akamgeukia mwanawe. "Hapa panataka ngazi. Wewe ni seremala, labda utanichongea moja niwe natembea nayo."

Mama Pacha naye akaketi kwenye usukani. Mama Klachi akachukua stuli yenye kimo cha mmoja wa pacha, akaisimamisha mbele ya gari. Akamwambia Mama Pacha amwambie atakapoiona. Akaanza kuisogeza mbali, hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza, haonekani mtu wala stuli. Ya pili, hivyohivyo. Ya tano ndipo Mama Pacha alipoiona. Alishuka. Mabinti zake hucheza kwenye lango la karakana kila jioni.

"Kiti kinapanda juu na kushuka," Mama Klachi alieleza, "na tulikipandisha mpaka mwisho. Gari lisilokuonyesha mtoto mbele yako halikufai, hata likubembeleze vipi."

Seremala alimtazama Mfalme kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyemsukuma.

Wakaigeukia ya kijivu. Hapa Bibi alifanya kama alivyofundishwa hospitali. Aligeuka akaupa mgongo mlango, akarudi nyuma mpaka kiti kikamgusa. Akakaa kwanza. Kisha akazungusha miguu yote miwili pamoja, taratibu, ikaingia. Kiti kilikuwa kwenye kimo cha nyonga yake, hakikumtaka apande wala azame. Mama Klachi akasogeza kiti nyuma, akalaza kidogo egemeo, akautazama mkanda unapita wapi. Alitaka upite chini, juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Stuli ilipopelekwa mbele, Mama Pacha aliiona kwenye hatua ya pili. Na kabla ya kuingia kwenye gari, Mama Klachi aliwaambia, mtu huzunguka kwanza kuona nani yuko wapi, kwa gari lolote.

Pacha walipanda nyuma na kufungwa mikanda. Mama Klachi akakaa kati yao, akaeleza kwamba kwenye pikapu nyingi egemeo la nyuma huwa limesimama wima, kwa hiyo mtu mwenye maumivu ni vizuri ajaribu mbele na nyuma kabla ya kuchagua. Seremala alibaki uwanjani na futi yake, kama mtu aliyeachwa na harusi.

Mama Pacha akaendesha. Kwenye lami, kila mtu alitulia. Walipofika kwenye mashimo, pikapu ikaanza kurukaruka. Bibi akashika mlango. Akafumba macho, akasikiliza mifupa yake. Akakunja uso.

Moyo wa Mama Pacha ukaanguka. Alisimamisha gari pembeni.

"Inarudi mezani," Bibi alisema.

Mama Klachi hakuonekana kushtuka. Alishuka, akafungua mlango wa dereva, akaonyesha kibandiko kidogo kwenye fremu ya mlango. Mama Pacha aliona namba. Mama Klachi akamweleza kwamba hapo pameandikwa kiasi cha upepo cha matairi, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Kisha akatoa kipimo cha upepo mkobani, kama wengine wanavyotoa kioo. Alipima matairi manne. Ya nyuma yalikuwa yamejazwa kwa mzigo mzito, na gari lilikuwa tupu.

"Tairi lililojazwa kupita kiasi ni sawa na mto uliojazwa mawe," alisema. "Punguza mpaka hapa pa kibandiko, usishuke chini yake. Upepo ukipungua mno, tairi linapata moto na linaweza kupasuka. Na siku ya mzigo mzito, jaza tena."

Wakapunguza. Wakarudi uwanjani, wakawaacha pacha ofisini kwa muuzaji, wakamchukua seremala pamoja na kitanda kimoja kilichofunguliwa na mbao zake. Mzigo ule walikuja nao kwenye pikapu ya zamani. Kitanda kikalala chote nyuma, mbao zikatokeza kidogo zikafungwa kamba na kitambaa chekundu. Mkewe alimwona seremala akipima kwa jicho na kukubali.

"Nyuma ya pikapu imejengwa kubeba," Mama Klachi aliendelea wakati wakirudi kwenye mashimo. "Ikiwa tupu, springi hazina kazi, zinamrudishia abiria kila shimo. Ikipata mzigo kiasi inatulia. Ndiyo maana lazima uipande tupu, kisha uipande na mzigo. Anayeipima upande mmoja amepima nusu ya gari. Na wewe dereva, shimo usilipige kwa hasira. Punguza mwendo kabla hujalifikia."

Mama Pacha alipunguza mwendo. Shimo la kwanza likapita kama mtu anayepita mlangoni kwa adabu. La pili likasikika kidogo. Walikwenda nusu saa nzima. Mama Pacha alihesabu muda kwa makusudi, kwa sababu ya wale waongo wa dakika tano. Bibi alikuwa amefumba macho. Mikono ilikuwa mapajani, haikushika mlango.

"Mama," seremala aliuliza kutoka nyuma, sauti yake ndogo kama ya mtoto. "Unasemaje?"

"Usinisumbue," Bibi alijibu. "Niko kazini."

Mpaka walipokata kona ya uwanja ndipo alipofumbua macho. Alisema upande wa kulia nyuma kuna kitu kinacheza, kinarudi mara mbili shimo likiwa moja. Mama Klachi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hawakutia sahihi siku ile. Walimleta fundi wa gereji wanayemwamini, akaliinua gari, akakagua breki, usukani na chini ya injini. Akakuta shokamzoba ya kulia nyuma, kile chuma kinachotuliza mdundo wa springi, inavuja mafuta. Bibi aliisikia kabla ya fundi kuiona. Muuzaji alibadilisha zote mbili za nyuma, Bibi akapima tena, ndipo karatasi za gari zikahakikiwa na kuandikwa kwa jina lao.

Jambo la mwisho alilifanya Mama Pacha mwenyewe. Aliona kiti kinazama kidogo upande wa ndani. Akakata sponji gumu, akalivisha kitambaa kisichoteleza, akampelekea mtaalamu wa mazoezi alikague kwanza. Yule dada alilikalia mwenyewe, akasema kimo ni chenyewe.

Jumanne ya kwanza, Bibi alitoka nyumbani kwa fremu, akaupa mgongo mlango wa pikapu, akakaa, akazungusha miguu. Alhamisi vilevile. Hakukosa siku. Wiki ya tano aliiacha fremu akashika fimbo. Mkwaruzo wa mlangoni ulibaki palepale. Seremala alisema atauondoa, kisha akausahau, kwa sababu kila mteja aliyemfikishia kitanda alimpeleka kiti cha mbele na kumwambia, hebu kaa.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye cherehani. Alisikia fimbo ikigonga sakafu, taratibu. Hakuinua kichwa mara moja. Aliogopa akitazama, sauti itakoma. Fimbo ilivuka ua, ikapita kwenye maranda yaliyofagiwa vizuri, ikaingia karakana. Katikati palikuwa na kiti kipya, cha mteja wa mchana.

Bibi akakikalia. Akaweka fimbo mapajani. Akafumba macho, akanyoosha mgongo, akasikiliza.

Seremala alisimama na randa mkononi. Mama Pacha naye alisimama. Hata cherehani ilinyamaza.

Bibi akakunja uso.

"Kirudi mezani," alisema.

Na seremala, ambaye miaka yote alinuna, alikibeba kiti kile kama mtu aliyepewa zawadi.